Mshipa Unaokwenda Pembeni

Mahfoudha wa mtaa wa Hail hakupenda kuitwa mganga, na ukimwita hivyo alikununia wiki nzima. Yeye alikuwa mkandaji wa matumbo, basi. Miaka thelathini alikaa wizarani akigonga mihuri mpaka akastaafu, na muda wote huo, alasiri akirudi, wanawake walimfuata nyumbani na matumbo yao: waliojifungua, waliojaa gesi, wasiopata choo, na wale wenye huzuni isiyojulikana imekaa wapi. Aliwalaza juu ya godoro, akawapaka mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akawakanda mpaka wakasinzia. Kazi alifunzwa na mama yake, aliyekuja nayo kutoka Unguja bila ya kuiandika popote.

Mama alimwachia masharti mawili. La kwanza ni la kukaa. Piga magoti, shindilia kiwiko cha kushoto tumboni mwako mwenyewe, mkono huo uulaze juu ya mkono wa kulia, na ukae hivyo tangu mwanzo mpaka mwisho, maana nguvu ya bega huisha mapema. La pili ndilo la kutisha. Kabla hujakanda, weka kiganja juu ya kitovu cha mtu, usubiri mpaka uusikie mshipa wake. Ukipiga juu na chini, kanda. Ukipiga kwenda pembeni, ukakutanua vidole, acha. Mfunike nguo, mpe kahawa, mrudishe kwao, wala usimwambie kitu. Mauti yameshaingia, na ukiyataja yatafanya haraka.

Miaka yote hiyo lilimtokea mara moja tu. Lamya, jirani yake wa zamani walipokuwa wakikaa Wadi Kabir, mwanamke mcheshi asiyejua kunyamaza, alijilaza huku akisimulia harusi ya mpwawe inayokuja. Chini ya kiganja cha Mahfoudha mshipa ukawa unafunguka na kujifunga, kama samaki anavyopumua akitolewa majini. Mahfoudha akamfunika. Akamwambia leo mikono imechoka, njoo siku nyingine. Siku ya kumi na moja Lamya alianguka jikoni kwake, hakuinuka tena. Mahfoudha alimlilia kwa dhati, na ndani ya kilio kile kulikuwa na fahari kidogo, kwamba mama hakukosea. Aliionea haya fahari hiyo, lakini hakuitupa.

Sasa sikiliza yaliyomkuta mwaka huu. Baada ya Idi alikuja Bashayer, msichana wa miaka ishirini na mbili, mzima kama chuma. Mahfoudha akaweka mkono, mshipa ukaenda pembeni. Akamfunika, akampa kahawa. Wiki ile ile akaja Rawan, mama wa watoto watatu. Pembeni. Wakaja wengine wawili, nao pembeni. Wanne wote aliwarudisha kwao, na wote waliondoka wakishukuru kwa kahawa.

Kila asubuhi, hata hajasukutua, akawa anafungua simu kutazama kundi la ukoo linalotangaza misiba. Alikufa mzee mmoja wa Nizwa. Akafa mtu mwengine asiyemjua. Wale wanne hawakutajwa. Bashayer, kinyume chake, alimtumia picha yumo dukani anachagua mapazia, meno yote nje. Mahfoudha aliitazama picha ile, akajiuliza msichana huyu anatembeaje.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja mumewe, Hamdan, akala samaki wa kukaanga kupita kiasi, tumbo likamjaa, akajilaza mwenyewe juu ya godoro la wagonjwa.

"Mahfoudha, nnakufa mimi. Hebu nikande."

"Hufi. Umekula kama mtu aliyetoka jela."

Hayo aliyasema kabla hajaweka mkono. Alipouweka, mshipa ukamtanua vidole.

"Mbona hukandi?" Hamdan akauliza.

"Mikono imechoka." Akamfunika nguo, akaenda kumtilia kahawa, na huko jikoni akakaa chini sakafuni. Miaka thelathini na tisa na mtu huyu, na mkorofi kweli, lakini hakujua kuishi bila yake. Akimwambia, ndiyo amemuua. Akimnyamazia, atakaa kumtazama anatafuna tende mpaka siku yake ifike.

Njia aliipata kwa Wijdan, binti wa kaka yake. Wijdan alikuwa na kliniki Khuwair ya Kusini, ya tiba ya mikono ile ya kizungu waiitayo osteopathia, na alikuwa katikati ya utafiti. Mtu analazwa, damu inayopita tumboni inapimwa kwa mashine ya ultrasaundi, anakandwa, kisha damu inapimwa tena. Nusu ya watu hukandwa kweli, nusu huwekewa mkono tu bila ya kufanywa lolote, ili ijulikane damu inafuata ukandaji au inafuata matumaini. Muda mrefu alikuwa akimbembeleza shangazi yake aje wapime na mikono yake. Mahfoudha alikuwa akikataa. Sasa akapiga simu kusema atakuja, ila tumbo litakuwa la Hamdan. Sababu hakuisema. Mashine ikisema, si yeye aliyesema, na labda mauti hayasikilizi mashine.

Walikwenda Jumanne asubuhi. Chumba kilikuwa na baridi, mapazia yamefungwa ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Wijdan akampaka Hamdan jeli, akaweka kile kichwa cha mashine juu ya kitovu, akafungua sauti. Vuuf, vuuf, vuuf. Mahfoudha alikuwa hajawahi kuusikia mshipa kwa masikio. Alishika ukuta.

"Mzima," Wijdan akasema. "Ami Hamdan, mshipa wako mkuu wa damu kama wa kijana. Punguza samaki tu."

"Tazama tena," Mahfoudha akasema.

Wijdan akatazama tena. Yale yale. Akakishusha kitanda. "Haya, shangazi, kanda, tuone damu itafanya nini."

Mahfoudha akapiga magoti, kiwiko tumboni, mkono juu ya mkono. Akasubiri. Ukaja, pembeni, na nguvu kuliko siku ile nyumbani.

"Huu hapa," akanong'ona, machozi yanamtoka. "Mashine yako kiziwi. Unanitanua vidole."

Wijdan akatazama kioo, akatazama mikono, kisha akakitazama kiwiko kilichozama katika tumbo jembamba la shangazi yake mwenyewe.

"Shangazi, inua kiwiko."

Akakiinua. Kile kitu chini ya kiganja kikakatika papo hapo. Kilichobaki ni mshipa mdogo wa Hamdan, juu, chini, mtulivu. Akarudisha kiwiko, kikarudi. Akainua, kikatoweka. Mahfoudha alibaki amepiga magoti, na akaelewa kuwa si Bashayer, si Rawan, si mumewe. Kila alipomwekea mtu mkono, alikuwa akijisikia mwenyewe.

Wijdan akamlaza apimwe yeye, pale alipotoka Hamdan, pakiwa bado na joto lake. Sauti iliyotoka safari hii ilikuwa nzito na pana, kama maji yanayozungushwa ndani ya mtungi. Wijdan akapima. Akapima tena. Akaizima sauti. Kisha akavuta shuka taratibu, akamfunika shangazi yake mpaka kifuani.

"Pumzika kidogo, shangazi. Nikuletee kahawa?"

Mahfoudha alimkamata mkono. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. "Sitaki kahawa. Niambie."

"Nilitaka niwapigie hospitali kwanza." Wijdan akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mshipa wako mkuu umevimba, sentimita sita, lakini haujapasuka. Unakwenda leo hii, wautengeneze. Watu wanatengenezwa, shangazi, wanarudi makwao. Tumewahi."

Hamdan alikuwa anahangaika na viatu, cha kushoto amekitia mguu wa kulia, wala hakuona.

"Na mtu akiambiwa siku kumi kabla?" Mahfoudha akauliza. "Siku kumi na moja?"

"Hata siku moja inaweza kutosha. Kwa nini?"

Zile siku kumi na moja Lamya alizitumia kushona nguo ya harusi ya mpwawe, na mara mbili alipita mlangoni kwa Mahfoudha kuuliza kama mikono imeshapumzika.