Kokoto Moja kwenye Boneti la Shangazi

Washikaji, hii nilitaka nife nayo, ila kwa kuwa kanisa zima liliniona, bora niisimulie mwenyewe kabla hamjauziwa ile iliyotiwa chumvi.

Shangazi yangu Roza ni mwalimu Goweko, na mwaka huu kajipatia gari la bluu iliyokolea, bluu ya wino, ukiliinamia unaona mpaka meno yako (mimi nililiinamia sana). Kokoto zinazorushwa na malori njia ya kwenda huko anazijua, kwa hiyo akanichukua tukaenda kwa fundi mmoja hapa mjini, Mzaramo, mtani wetu, aikinge rangi. Fundi akasema kuna njia mbili: filamu, ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi ipokee mapigo ya mawe, au seramiki, dawa inayopakwa ikakauka, gari likang'aa na uchafu usishike. Shangazi akanigeukia.

"Wewe unayeshinda kwenye simu, tuweke ipi?"

Hapo ningesema sijui, yakaisha. Lakini Mnyamwezi mzima niseme sijui mbele ya Mzaramo? "Seramiki," nikajibu kwa sauti nzito (nilikuwa nawaza tu picha nitakazopiga nikiliegemea), "ikikauka ile ni jiwe."

Fundi akacheka. "Mtani, babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe maneno mawili tu niliyokupa umeshayadondosha."

Shangazi akaniamini mimi, ikapakwa seramiki.

Jumapili baada ya ibada akamwaga maji kwenye boneti watu waone, na yale maji yalikimbia kama yameitwa kwao, hayakuacha hata tone, wazee wa kanisa wakaguna kwa kupendezwa, na mimi badala ya kunyamaza nifaidi, nikatangaza kwamba hapo hata jiwe halifui dafu.

Bibi, mama yake shangazi, akauliza, "Seramiki si ndiyo kauri? Bakuli langu la kauri lilishindana na jiwe lini?"

Watu wakacheka. Nikaona nimeshushwa, nikaokota kokoto, nikaitupa kwenye boneti.

Tok.

Rangi ikabanduka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Shangazi akaja taratibu, nami kwa kihoro nikajikuta nasema, "Shikamoo, shangazi," ilhali tulishaamkiana asubuhi na tumekaa benchi moja ibada nzima.

"Marahaba," akajibu. Akaipapasa alama kwa kidole, akaninyooshea kitambaa. "Sasa mtaalamu, kila Jumamosi utakuja kuliosha. Si uchafu haushiki? Hutachoka."

Akapanda, akaondoka, na nawaambieni, lilivyokata kona likimeremeta, na mama yule kichwa juu kana kwamba hakijamkuta kitu, nilisahau aibu nikabaki nimeachama.

Filamu keshaibandika mbele, bila kuniuliza. Jumamosi naosha. Na siku hizi nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, hata mbele ya Mzaramo. Inauma kidogo, ila haibandui rangi ya mtu.