Mkaa Usio na Moshi

Siku bibi yako Nakiete alipopanda kuja kwetu mlimani naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani, nami nilikuwa bi harusi bado, namwogopa hata mama mkwe akikohoa. Nakiete ni wifi yangu, ameolewa kule Jipe kwenye joto. Alitokea Same juu ya lori la mizigo, akafika amelowa, meno yanagongana, mama yako akiwa kichanga mgongoni.

Mgeni huku kwetu hakai jikoni. Mama mkwe alimfungulia chumba cha nyumba mpya ya matofali, yenye dari na madirisha ya vioo, fahari ya ukoo mzima. Akataka mkaa wa kumpasha joto upulizwe ukolee kabisa, usibaki hata uzi wa moshi, ndipo uingizwe ndani. Mwanawe atokwe na machozi, kwani amekuja msibani? Jiko lilipoingizwa, akafunga madirisha mwenyewe, akaziba chini ya mlango kwa kanga. Mimi nikambeba mama yako, nikaenda kupika makande kwenye jiko la nje, ambako moshi ulitutoa kamasi sote wawili.

Nilipopeleka chai, Nakiete alikuwa ameshika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga, mama. Na moyo unachafuka."

"Ni kona za mlimani hizo," mama mkwe akamtania. "Jipe imekuharibu. Lala kidogo."

Kila mgeni tulimwambia hivyo, maana kona zetu kweli hutapisha watu.

Makande yalipoiva nikaenda kumwita. Nikasukuma mlango, nikamkuta amelala ubavu, mdomo wazi. Nikamtikisa, mkono ukaanguka. Nilipiga yowe ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi. Mama mkwe akaja mbio, tukamburuta hadi uani, mvua ikampiga usoni. Chumba hakikuwa na moshi. Hakikunuka chochote. Mtu anakufaje kwenye chumba kisafi vile?

Akakohoa. Akafumbua macho, akauliza, "Mbona mmenianika mvuani?" Mama mkwe aliketi kwenye matope akalia.

Daktari wa zahanati alitueleza kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Kwanza kichwa kinauma, kisha usingizi unakuja, na wengi hawaamki.

"Kumbe nilikuwa namuua mwanangu kwa kumkirimu," mama mkwe akasema.

Basi jana, ukifungasha nguo, ukanieleza habari za kazi yako mpya ya kuzamia na watalii Unguja, na kwamba mashine ya kujaza hewa kwenye mitungi imewekwa kando ya jenereta. Maharage yalinidondoka mkononi. Ni hewa ileile! Inatoka kwenye ekzosi, inavutwa na mashine, inafungiwa mtungini, nawe unakwenda kuivuta chini ya maji, ambako hakuna uani wa kukuburutia.

Waambie jenereta iondolewe pale, na mashine ivute hewa kutoka upande safi, mbali na moshi wowote. Mitungi ipimwe kwa kifaa cha kugundua sumu hiyo kabla hujazama, wala pua yako usiiamini. Wakikuona mshamba, wakuone. Kichwa kikianza kukugonga majini, mwashirie mwenzako, mpande taratibu kama mlivyofundishwa. Ukilala ugenini, hata baridi iwe ya namna gani, jiko la mkaa libaki nje. Na mtu akiumwa kichwa chumbani mlimo na moto, mtoe kwanza. Habari za kona mtazizungumza mkiwa uani.

Nenda, mwanangu. Mungu aitazame kila pumzi utakayovuta kule chini, akupandishe salama, akurudishe ule makande yangu. Lile yowe nililipiga mara moja. Sina nguvu ya kulipiga tena.