Mama Beseni na Kofia Arobaini

Jirani yangu wa sokoni ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini sisi tunamwita Mama Beseni na ameshazoea. Anauza kofia za chepeo, zile zenye ukingo mbele wa kukinga jua. Mimi nauza mikanda meza ya pili, kwa hiyo vituko vyake vyote naviona bure.

Beseni lake hukaa chini ya meza, limejaa maji. Kila mzigo mpya lazima achovye kofia moja kabla hajaupanga. Mteja akilalamika kwamba kule mbele bei ni nafuu, Mama Beseni habishani. Anatoa kofia rahisi aliyoinunua kwa kazi hiyo tu, anaizamisha, anaikamua. Rangi inachuruzika, ukingo unalegea, kumbe ndani ni boksi!

"Kizuri chajiuza," anasema, na mteja anatoa pochi.

Juzi akaja msimamizi wa kina mama wanaofagia barabara. Alitaka kofia arobaini. Biashara ilikuwa imedorora, na Mama Beseni alishaanza kuniambia ataifunga meza arudi kufulia watu nguo. Oda ile ndiyo ingemwokoa. Akafanya mambo yake ya beseni kwa mbwembwe zote. Msimamizi akatazama, kisha akasema, "Sawa mama. Sasa chovya na yako."

Wee! Mzigo ule ulikuwa umeletwa asubuhi hiyo hiyo na mume wa binti yake. Utampimaje mkweo mbele ya macho yake? Alikuwa ameupokea kwa shukrani, akaupanga mezani hivyo hivyo bila kuchovya hata kofia moja.

Akaichovya. Maji yakawa buluu. Ukingo ukalala kama sikio la mbuzi. Soko zima likaangua kicheko, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, ingawa roho iliniuma.

Mama Beseni akaufunga mzigo wote kwa kamba. "Dada yangu, hizi sikuzikagua. Kaniletea mkwe wangu, nikaona haya. Siwezi kukuuzia. Nenda tu."

Msimamizi akavuta stuli, akaketi.

"Leo nimepita kwa wauza kofia saba, wote wameniapia. Wewe peke yako ndiye uliyenikatalia. Nakusubiri wiki mbili, unitafutie arobaini nzuri. Ila huyo mkweo akileta mzigo mwingine, na mimi niwepo."

"Uje mapema," Mama Beseni akasema, anafuta machozi huku anacheka. "Mimi kuona haya nimeshaacha."