Pini Nyekundu Kilimani kwa Mama Antena

Watu walimwita Bwana Makohozi, naye aliitika bila kinyongo. Angefanyaje, na kazi yake ndiyo ilikuwa kuyatafuta? Alikuwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya nzima, wilaya yenye vilima vingi kuliko barabara, na pikipiki yake haikukosa boksi la barafu lililojaa vikopo vidogo vya plastiki. Waliomfahamu walijifunza kutouliza habari za boksi lile wakati wa chakula.

Mwaka huo bosi wake, daktari mkuu wa wilaya, alimpa kazi mpya: achore ramani. Mito na shule zilikwisha kuchorwa. Hii ilikuwa ramani ya kikohozi. Kila mgonjwa aonyeshwe anakaa wapi, ili ijulikane ugonjwa umejikusanya upande gani na nguvu zielekezwe huko kwanza. Akapewa simu inayosoma mahali mtu aliposimama, na karatasi ya ramani kubwa kama shuka.

Basi akaanza kuzunguka. Akifika kwa mgonjwa alisimama uani, akainua simu juu, akasubiri satelaiti zimwone. Siku za mawingu satelaiti hizo zilikuwa na maringo kama bibi harusi. Mbwa walimbwekea, watoto walimkodolea macho, na bibi mmoja alimhurumia kabisa, akamwambia mtandao hupatikana kule karibu na choo. Akirudi ofisini alichomeka pini nyekundu kwenye ramani ukutani. Pini zenyewe alizichota kwenye kopo la mke wake, fundi cherehani, ambaye siku hizo alishona huku akinung'unika kwamba wenzake wameolewa na waume, yeye kaolewa na mwizi wa pini.

Bwana Makohozi alitarajia pini zijazane sokoni na karibu na stendi, kwenye watu wengi. Haikuwa hivyo. Kundi nene lilijipanga kuzunguka kilima kimoja kisicho na soko wala shule. Wagonjwa wake hawakuwa ndugu, hawakufanya kazi moja, hata kisima hawakuchangia. Kilichomtatiza zaidi ni kwamba kilima chenyewe alikijua vizuri. Ndiko alikooa.

Akaanza kuwauliza wagonjwa wale wanapitisha wapi jioni zao. Hapo ndipo watu walipoota ububu. Mmoja alisema anapumzika tu. Mwingine alisema anatembeatembea. Mama mmoja muuza nyanya alijibu kwamba huenda kwa mtu fulani hivi, akageuka kupanga nyanya zilizokuwa zimepangwa tayari. Mwisho alimbana fundi pikipiki, aliyekuwa katikati ya dozi yake na mwenye deni la shukrani kwake.

Fundi aliangalia chini. "Bwana, wewe ni mkwe wa watu," alisema. "Mimi usinitafutie maneno. Ila nikuulize, hivi ile televisheni uliyompelekea mama mkwe, unadhani anaiangalia peke yake?"

Televisheni ile aliinunua Bwana Makohozi mwenyewe, pamoja na sola yake, baba mkwe alipofariki, ili mjane asikae kwenye upweke. Upweke ulikuwa umeondoka kweli. Kilima kizima kilihamia sebuleni mwake kila jioni kutazama tamthilia, na ndiyo maana waliacha kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, wakamwita Mama Antena. Wote walijua, isipokuwa mkwe, kwa kuwa kwa heshima yake alizoea kwenda pale asubuhi, kusalimia, kunywa chai na kuaga.

Nyumbani alimweleza mke wake, akamwomba kwa upole: huyu ni mama yako, mwambie wewe. Mke hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema makohozi ni kazi ya mumewe, mshahara ni wake, na mama mkwe vilevile ni wake. Yeye angetoa pini tu, kama kawaida.

Akajipiga moyo konde, akaenda jioni.

Sebule ilikuwa giza kama tumbo la kibuyu. Blanketi mbili zilitundikwa madirishani ili mwanga usichafue picha. Watu walikuwa hawajaanza kuingia. Mama Antena alikaa kwenye kiti chake, amekonda kuliko alivyomwacha, na kila baada ya maneno machache alikohoa kwenye ncha ya mtandio wake, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona jioni? Kuna usalama?"

Alisema upo. Akaulizia mbuzi, akaulizia paa, akaulizia mbuzi kwa mara ya pili. Mama mkwe akamtazama hivi, akaweka kikombe chini.

"Kama umemchoka mwanangu sema, nimpokee. Nyumba ninayo."

"Hapana, mama, sijamchoka."

"Basi umekuja kufanya nini, mtu mzima unatetemeka?"

Maneno ya kazi yake alikuwa ameyasema kwa wagonjwa elfu bila kupepesa, lakini mbele ya mama wa mke wake neno makohozi halikutoka. Badala yake alichomoa kikopo mfukoni, akakiweka mezani. Mama Antena alikichukua, akakigeuza, akafungua kifuniko, akanusa.

"Mafuta ya nini haya? Mbona hamna kitu ndani?"

"Ni cha kutemea, mama."

Mama mkwe alisema polepole kwamba ameishi miaka mingi, ameozesha mabinti, na hakuwahi kusikia mkwe aliyekunywa chai ya mwanamke kisha akamwagiza ateme. Bwana Makohozi alitamani ardhi impasukie. Lakini alikuwa amekwisha kusema lililo gumu, na yaliyobaki yakatoka yenyewe. Alimweleza habari za ramani, pini, blanketi za madirishani. Alimweleza kwamba ugonjwa huu husafiri kwa hewa, na hewa ya chumba kilichofungwa, chenye watu wamebanana na mmoja anakohoa, ndiyo gari lake. Alimweleza pia kwamba unapona kabisa, mtu akimeza dawa zote.

Alipomaliza, Mama Antena aliinua kidole, akaonyesha kigoda kando ya mlango.

"Yule mpiga matofali aliyekufa kabla ya mvua, alikuwa anakaa pale," alisema. "Nilikuwa namwekea nafasi. Ni mimi nilimpa?"

"Hatujui nani alimpa nani, mama. Huenda yeye ndiye alikupa wewe. Hakuna aliyefanya makusudi."

Mama alilia kidogo, bila sauti. Mkwe alitazama ukuta, kwa kuwa hakujua heshima inataka atazame wapi. Kisha mama akajifuta, akachukua kikopo, akamwamuru atoke nje, maana kuna mambo mkwe hatakiwi kuyaona. Mkwe naye alimwomba akatemee uani, penye upepo, akamwachia kikopo cha pili cha asubuhi.

Maabara ilithibitisha. Mama Antena alikuwa na kifua kikuu.

Wa kwanza kupata habari hakuwa daktari mkuu, walikuwa watazamaji. Mama Antena aliwatangazia mwenyewe mlangoni. Blanketi alizishusha, akazifua, akazigawa. Televisheni ilihamishiwa barazani, na picha ikififia kwa mwanga, watu wasubiri jua lizame, hawana haraka ya kwenda popote. Na sharti likawa moja: asiyepima hatazami. Tamthilia ilikuwa imefika pale ambapo bwana harusi amegundulika ana mke mwingine. Watu walipanga foleni ya vikopo kabla kuku hawajatoka bandani.

Pini zikaisha kwenye kopo la mke, ikabidi anunue nyingine. Daktari mkuu aliingia ofisini, akaiona ramani imeiva kwa pini nyekundu, akauliza mbona ugonjwa unaongezeka wakati kazi imekazwa. Bwana Makohozi alieleza kwamba hawa wote walikuwepo, ila walikuwa hawajaonekana. Daktari alicheka, akasema hilo analifahamu, alitaka tu kulisikia likisemwa vizuri, maana wakubwa wake wangemuuliza yeye.

Mama Antena alimeza dawa zake hadi ya mwisho. Mwanzoni mkojo ulipogeuka rangi ya machungwa kwa sababu ya dawa hizo alimwita bintiye kwa hofu, si mkwe, na binti alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye mama alinenepa, nguo zote zikarudi kwenye cherehani kuongezwa upana.

Mwezi uliofuata Bwana Makohozi aliandaa safari ya ng'ambo ya mto, sehemu ambayo kwenye ramani ilikuwa nyeupe pe, si kwa kuwa ugonjwa haukuwepo bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kwenda kuuliza. Mama mkwe alisema anakwenda naye. Likazuka tatizo: mama mkwe na mkwe kwenye pikipiki moja, ashike wapi? Mke wake alilimaliza kwa kumwita fundi pikipiki, aliyekwisha kupona, ambebe mama.

Fundi alikuwa na pikipiki nzuri zaidi, wakatangulia. Bwana Makohozi alipovuka mto, matope hadi magotini, alimkuta mama mkwe wake amekaa kwenye kiti alichopewa, wanawake wamemzunguka, ameshika kikopo mkononi.

"Mkwe wangu huyo anakuja," alikuwa akiwaambia. "Ana haya, lakini hana neno. Msikilizeni."