Mpaka Niliosema Umeliwa na Mbuzi

Shamba letu karibu na Mweiga lilikuwa la mzungu kabla ya uhuru. Lilipogawanywa, baba alipata kipande, akakilima miaka michache, akafa. Wazee wa ukoo wakakigawa kati yangu na mdogo wangu. Sehemu yangu iligusa mto kwa mwendo mrefu. Yake iliufikia kwa kona moja tu huko chini, hatua kumi na tano hivi.

Mpaka waliuweka kwa itoka, ua la majani mapana na tunguu kubwa chini ya ardhi, ambalo sisi watu wa huku hupanda kati ya shamba na shamba. Walichinja mbuzi, wakanyunyiza mavi ya tumbo lake juu ya mstari, na mzee mmoja akasema atakayeing'oa asipate amani. Tuliitikia sote wawili.

Nilikuwa karani mjini Nyeri, nikipanga chumba mtaa wa Skuta, na kwa miaka minne sehemu yangu ikawa pori. Miti ya miwati ilijiotea, na chini yake miiba ikafungamana hadi mtu hakuweza kupenya. Kisha tukasikia wapima ardhi wanakuja ili watu wapewe hati. Nikaona aibu, nikamwendea mdogo wangu anisaidie kufyeka.

Yeye alikuwa na mbuzi thelathini na kitu. Aliacha shule mapema ili karo kidogo iliyopatikana nyumbani inifikishe mimi sekondari. Mbuzi hao ndio waliokuwa kazi yake.

"Karani," alisema, maana hakuwahi kuniita kwa jina, "wewe leta chumvi tu. Panga wacha nyumbani. Ikikukata vidole utaandika na nini?"

Alifanya kazi ile wiki tano na hakutaka malipo. Alijenga boma la matawi juu ya kichaka, akawafungia mbuzi humo hadi kibaki vijiti, kisha akalihamisha hatua chache mbele. Miwati michanga aliikunja na kuifunga kwa kamba ili majani yafikiwe. Kichaka walichokataa alikinyunyizia maji ya chumvi, na kesho yake kilikuwa kimekwisha. Itoka peke yake ilibaki imesimama kijani katikati ya ardhi tupu.

"Hii hata ukiitia chumvi hawagusi," aliniambia. "Chungu!"

Jumamosi moja nilitembea hadi mtoni nikaiona ile kona yake vizuri kwa mara ya kwanza. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, na mto ulijikusanya hapo kuwa kidimbwi. Nilifikiria kabichi. Nilifikiria pampu. Jumapili, yeye akiwa kanisani, nilichukua jembe nikachimba tunguu zote za kona ile, nikazitupa mtoni na kusawazisha udongo kwa mguu.

Mpima ardhi alikuja wiki hiyo hiyo. Tulipofika chini, mdogo wangu alisimama.

"Itoka ya hapa iko wapi?"

"Mbuzi wako wameila," nikasema.

Alicheka, akidhani namtania. "Ati mbuzi! Na mizizi? Hiyo mbuzi ilichimba na jembe?"

Sikucheka. Nilimgeukia mpima ardhi nikazungumza naye Kiingereza, nikamwonyesha mstari ninaoutaka. Mdogo wangu alitutazama midomo, mara mimi, mara yule, akingoja mtu amweleze. Kati ya wazee waliopanda mpaka alikuwa amebaki mmoja. Aliangalia viatu vyangu vya mjini, akanyamaza.

"Karani, sema tena," mdogo wangu akasema. "Sema na Gikuyu, nisikie."

Nikasema tena, kwa lugha ya mama yetu: ni mbuzi.

Mpima ardhi akauandika mstari wangu. Mdogo wangu akapiga mluzi, mbuzi wake wakamfuata hadi juu.

Kiangazi kilipokuja hakuwa na mahali pa kuwanyweshea. Majirani walikuwa wamezungushia seng'enge, na mimi nilikuwa nimeshapanda. Aliwauza wawili wawili pale Mweiga, kisha akauza shamba, akaenda mji wa Kenol kupakia magunia kwenye malori. Kabichi zilistawi. Sitadanganya kuhusu hilo pia: zilistawi sana.

Miaka tisa ilipita kabla sijaenda kumtafuta. Nilimkuta na gunia mgongoni. Alilishusha, akanisalimu kwa mkono, akaninunulia soda. Nikamwambia nilimkosea, kona ile ni yake, arudi.

"Nirudi kuchunga nini, Karani?" Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kweli. Kisha dereva akamwita, akaenda.

Ningerudi wiki iliyofuata. Ningerudi kila mwezi. Sikurudi, kwa sababu upole ule ulinishinda kuliko matusi. Miaka mingi baadaye habari za kifo chake zililetwa na dereva wa lori, na nilipofika Kenol walikuwa wamekwisha kumzika.

Alikuwa ameoa huko. Binti yake mkubwa, mwenye paji la uso la baba yetu, alinitolea kiti uani.

"Karibu, mzee. Wewe na baba mlijuana wapi?"

Nilitazama uso ule, na ujasiri ukanikosa tena. Nikamwambia tulikuwa majirani zamani.

"Asante kwa kuja," akasema, akaenda kuwapokea wageni wengine.