Winarsih na Wifi Yake Karimunjawa

Kila asubuhi, kwa miaka mingi, Winarsih aliwaona wakipita. Meza yake ya tempe ilikuwa ukingoni mwa soko la Salatiga, upande wa kituo cha mabasi, na vijana wenye mashanta walipita hapo wawili wawili, nywele hazijachanwa, wanacheka mambo yao, kisha wanapanda basi la kwenda pwani, kwenye visiwa. Kila walichohitaji kilikuwa mgongoni. Alichohitaji yeye kilikuwa nyumbani kwenye mapipa: soya ya kuloweka, soya ya kuchemsha, soya ya kutia chachu na kuifunga kwenye majani ya mgomba mpaka ishikane kama mkate na kuwa tempe. Soya haijui sikukuu. Tangu amzae Laras, binti yake wa pekee, Winarsih hakuwahi kulala nje ya mji.

Siku moja akamwambia mumewe, Paryoto, "Baba Laras, nataka kwenda Karimunjawa."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Nakwenda tu."

Paryoto alikaa na jambo hilo wiki nzima. Mwishowe akakubali kubaki na mapipa, ila kwa sharti kwamba mkewe asiende peke yake. Na nani angefuatana naye, kama si Tumini, dada yake mkubwa Paryoto, mjane, mwanamke anayeongea hata akiwa na chakula mdomoni? Winarsih akasema sawa. Wifi mkubwa humkatai usoni.

Walikubaliana kila mtu abebe shanta moja tu. Winarsih aliazima la Laras, akatia nguo, kanga ya kuogea na sabuni. Tumini alitokea kituoni na shanta lililotuna kama mjamzito, sufuria ya umeme ya kupikia wali, na boksi lililofungwa kwa kamba.

"Wifi, boksi la nini?"

"Pilipili ya kusaga na chapati kavu za kamba wa baharini, za kukaanga. Huko kisiwani unajua watatulisha nini?"

"Watatulisha samaki, wifi. Ni kisiwa."

"Haya. Nishikie basi boksi, mkono unaniuma."

Winarsih akalishika. Akalishika kwenye basi mpaka Jepara, akalishika bandarini, akalishika kwenye meli huku Tumini akitapika ndani ya mfuko na kumlaumu kwa kila wimbi. "Wewe na bahari yako!" alisema kila alipopata pumzi. Abiria wote wa upande ule wakajua wazo lilikuwa la nani.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomshinda ni simu.

Tumini alikuwa amejifunza kupiga simu ya video, na hakuna kitu alichokiona bila kumwonyesha ndugu yake. Meli ilipotia nanga, alimpigia. Chumba cha nyumba ya wageni, alimpigia, akamwonyesha mpaka choo. Na Paryoto naye, akishaona choo, alikuwa na maswali yake.

"Mama Laras, chachu umeweka wapi?"

"Kwenye kopo la bluu."

"Kopo la bluu lina sukari."

"Hilo ni la bluu nyepesi, Baba Laras. La bluu nzito!"

Jioni walikwenda uwanjani kula samaki wa kuchoma, watu wameketi kwenye mikeka, moshi unapendeza. Winarsih ndiyo kwanza anachambua mwiba, uso wa mumewe ukasukumwa mbele ya sahani yake. Soya ichemke mpaka lini? Alijibu. Akaweka tonge mdomoni. Je, maganda yanatolewa yote? Tumini akageuza simu ili Paryoto awasalimie majirani wa mkeka wa pili, watu wa Semarang ambao hawakuomba kusalimiwa.

Kesho yake walipanda mtumbwi wa injini pamoja na wageni wengine kwenda kuangalia matumbawe. Tumini alisema haingii majini hata kwa bunduki, lakini alivaa jaketi la kuelea tangu nchi kavu. Walipofika, nahodha akazima injini. Bahari ilikuwa imetulia, unaona samaki wa manjano chini kabisa. Winarsih alivaa miwani ya kuzamia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mtumbwi, miguu imeshagusa maji, moyo unamdunda kama wa msichana.

"Wifi! Wifi, usiruke! Yoto anakuita!"

"Mwambie sipo."

"Anakuona!"

Na kweli, simu ilikuwa imeshikiliwa juu yake, na mumewe yumo ndani, kafunga kitambaa kichwani, jasho linamtiririka. "Mama Laras, tempe imekuwa nyeusi. Inatoa maji. Inanuka."

"Umeifanya nini?"

"Nimeifunika blanketi isipate baridi."

"Blanketi! Kwani ni kichanga hicho?"

Mtumbwi mzima ukacheka. Kisha kila mtu akawa mtaalamu. Mama mmoja alisema itobolewe matundu, nahodha akasema mkewe huipepea, kijana mwenye miwani akauliza kama chachu imepitwa na wakati, na Tumini akawasogezea simu mmoja mmoja ili wazungumze na ndugu yake vizuri. Samaki wa manjano wakaenda zao.

Winarsih alivua miwani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hata pale hakupiga. Aliunyoosha tu mkono, akaichukua simu kutoka kwa wifi yake.

"Baba Laras, mwaga."

"Yote?"

"Yote. Wateja wakija, waambie hakuna tempe, mwenyewe anaogelea. Ukimaliza kumwaga, lala."

Akaizima, akaitia kifuani mwa Tumini, ndani ya jaketi la kuelea, akavaa miwani yake na kujitupa majini. Hakupanda mpaka nahodha alipomwita mara ya pili.

Njia nzima ya kurudi Tumini aliyakodolea macho maji anayoyaogopa, asimtazame wifi yake. Chumbani aliketi kitandani kampa mgongo.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema hatimaye. "Mimi mkubwa wako."

"Wifi, nisamehe, lakini niambie ukweli. Nimesafiri na wewe au na ndugu yako? Nimeishi naye miaka yote hii. Siku nne tu nilitaka nisimwone!"

"Kwani mimi nilitaka kuja? Naogopa maji tangu mdogo. Yoto alinibembeleza."

"Basi acha kumpigia."

"Nisipompigia Yoto, nimpigie nani?" Tumini akamgeukia. "Tangu marehemu aondoke, simu yangu ina namba ya Yoto na ya muuza gesi."

Hasira ya Winarsih ilikuwa bado ipo, ila sasa haikuwa na pa kwenda. Akafungua lile boksi alilolibeba Java nzima, akatoa chapati za kamba, wakala. Zilikuwa zimevunjika zote.

Siku ya kurudi, mawimbi yalikuwa makubwa na meli ikaahirishwa. Tumini akalia. Winarsih akaenda ufukweni, akaingia kwenye maji mafupi. Baada ya muda akasikia mtu anapiga mayowe nyuma yake: Tumini kaingia majini mpaka magotini, sketi kaikunja, na kabla hajakaa sawa akamng'ang'ania Winarsih bega kwa kucha zote.

"Usiniache! Kuna kitu kimenigusa!"

"Ni mwani, wifi."

"Kinatembea!"

"Ni mwani. Niachie, unanichuna!"

Hakumwachia. Walisimama hivyo mpaka jua likawa kali, mmoja anatazama upeo, mwingine anatazama miguu yake.

Walirudi Salatiga siku mbili baadaye kuliko walivyopanga. Nyumba nzima ilikuwa inanuka, na makopo yote mawili ya bluu yalikuwa matupu. Winarsih alifungua madirisha, akaloweka soya. Alipoonekana tena sokoni, muuza tofu wa meza ya jirani alimuuliza safari ilikuwaje.

"Bahari nzuri," alisema Winarsih, akipanga majani yake. "Nzuri sana. Wifi yangu usiniulize."