Shangazi Aliyeweka Kalamu Chini

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, humwambia apunguze kula, kitambaa hakina kosa.

Fundi huyu alikuwa wa kwanza darasani. Kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, alirudia madarasa mpaka wakajikuta dawati moja. Kwao mdogo hakumtangulia mkubwa: si kunawa mikono, si kupita mlangoni. Mtoto aliyelelewa hivyo, nani alitegemea akifika darasani awe mtu mwingine? Siku ya mtihani wa kwenda sekondari alichungulia, akaona kaka yake amekwama kwenye hesabu. Akaweka kalamu chini. Maswali yaliyobaki aliyajua yote.

Walifeli wote wawili. Mwalimu akasema binti yule ameingiwa na uvivu. Hapo ndipo damu yangu huchemka. Tunapima hamu ya mtoto ya kusoma kana kwamba hana kwao, halafu anayejizuia kwa heshima tunamwita mvivu.

Juzi nilikuwa kibandani kwake baba alipoleta suruali ipunguzwe kiuno. Nikamuuliza shangazi mbele yake: kwa nini aliacha kuandika?

"Ningempitaje kaka?" akajibu, pini zikiwa mdomoni. "Halafu nirudi nyumbani nimtazame kwa macho gani?"

Baba akakaa kwenye benchi taratibu.

"Mimi nilikuwa namwomba Mungu upite wewe," akasema. "Zile hesabu nilikuwa naziona kama siafu wanatembea. Nikasema, huyu akipita, nyumba nzima imepita."

Shangazi akatoa pini moja moja.

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Nianzie wapi? Mkubwa anamwambiaje mdogo wake, unipite?"

Walitazamana.

"Basi tulikuwa na adabu sana," shangazi akasema. Hakuna aliyecheka.

Nikaropoka habari za masomo ya jioni ya watu wazima, kwamba elimu haina mwisho. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole ambao kwake si kawaida.

"Mwanangu, hamu ile nilikuwa nayo siku ile," akasema. "Leo nitaitoa wapi?"

Akamwambia kaka yake asimame apimwe. Akamzungushia tepu kiunoni, akasoma namba, akasahau, akapima tena.